Jiko Linalokula Maranda

Nimekulia Mafinga, mji wa Tanzania uliozungukwa na mipaina ya Shamba la Miti Sao Hill. Kule, kila penye dingdong, yaani mashine ya kupasulia mbao, pana kilima cha maranda. Wafuga kuku huchukua viroba kadhaa kwa ajili ya mabanda, akina mama wengine huyashindilia kwenye debe lenye tundu katikati wakapata jiko la kuchemshia maharage, na yanayobaki, ambayo ndiyo mengi, huchomwa ili nafasi ipatikane. Kilima kikishawashwa hufuka kwa majuma. Juu unaona majivu yaliyotulia, ndani ni tanuru. Watoto tulikatazwa kabisa kupita juu yake, na sababu tuliijua: mguu ukizama humo hautoki mzima.

Miaka mingi baadaye nikajikuta Lewiston, jimbo la Maine, kaskazini-mashariki mwa Marekani, nikipakia maranda kwenye pikapu ya tajiri yangu, mfuko mmoja mmoja, na kila mfuko una bei yake. Kama mama yangu angeniona, angeuliza ni nani aliyewaroga hawa watu. Lakini haya ni maranda yaliyopitia kiwandani. Yamekaushwa, yakasagwa, yakasukumwa kwa shinikizo kubwa kupitia matundu ya chuma, yakatoka vijiti vifupi vyenye unene wa milimita 6 hivi. Kwa kawaida hakuna gundi inayotiwa. Lignini, ile dutu inayoshikamanisha nyuzi za mti, hulainika kwa joto la mashine na kuganda tena kijiti kinapopoa. Vijiti hivyo ndivyo peleti. Mfuko una ratili 40, yaani kilo 18 hivi, na mifuko 50 ni tani moja ya Kimarekani. Nyumba inayotegemea jiko la peleti hula tani mbili, tatu, hata nne kwa majira ya baridi, na Januari mfuko mzima kwa siku moja si jambo la kushangaza.

Majiko yenyewe si ya kale. Yalianza kuingia majumbani Marekani miaka ya 1980, baada ya bei za mafuta kuwatikisa watu katika muongo uliotangulia. Mmoja wa waanzilishi wake, Jerry Whitfield, alikuwa mhandisi wa ndege katika jimbo la Washington, na mimi nadhani hilo linaonekana hadi leo: jiko zima ni hesabu ya hewa. Huku Maine nyumba nyingi hupashwa joto kwa mafuta, kwa hiyo bei ilipopaa mwaka 2008 watu wengi walikimbilia peleti. Misitu ipo, na viwanda vya peleti vipo humu humu jimboni, Athens na Ashland kwa mfano.

Tajiri yangu alikuwa fundi wa majiko haya, mzee aliyekaribia kustaafu, mjukuu wa Wafaransa wa Quebec waliokuja Lewiston kufanya kazi katika viwanda vya nguo kando ya mto Androscoggin. Magoti yake yalikuwa yamechoka. Alihitaji mtu wa kulala chifudifudi badala yake na kuingiza mkono mahali ambapo mkono hautaki kuingia. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu.

Alianza kwa kunizuia nisiguse kitu. Alinikalisha sakafuni mbele ya jiko linalowaka, akaniambia nisikilize. Nikasikiliza. Kulikuwa na milio mitatu. Wa kwanza ulikuja na kukatika: ni mota inayozungusha parafujo nene iliyo chini ya tangi la peleti, mfano wa ile iliyo ndani ya mashine ya kusagia nyama. Kila ikizunguka kidogo inadondosha peleti chache kwenye kikombe cha chuma chenye matundu, na humo ndimo moto ulimo, moto mdogo tu usiozidi ngumi mbili. Mlio wa pili ni wa feni ya moshi. Hii inavuta hewa, inaipitisha kwenye matundu ya kikombe, ndani ya moto, nyuma ya jiko, kisha inaisukuma nje kwa bomba la inchi 3 au 4. Mlio wa tatu ni wa feni ya joto, ambayo haigusani na moshi hata kidogo: inachukua hewa ya chumbani, inaizungusha kwenye mabomba yaliyopata moto, na kuirudisha sebuleni ikiwa ya uvuguvugu. Njia hizo mbili za hewa zinapitana ndani ya kasha moja, na kinachozitenganisha ni mabati na gasketi.

Mzee alisema mambo mengine mengi, lakini hilo la njia za hewa ndilo lililonifaa kuliko yote. Wateja walipotupigia simu kwamba jiko limeharibika, mara nyingi jiko halikuwa limeharibika. Njia ya hewa ilikuwa imeziba, basi. Jiko la kuni likichafuka linakuonya: linatoa moshi, linakuwasha macho, linakukoholesha. Jiko la peleti lina mota, sensa na kompyuta ndogo zinazolisaidia kuvumilia uchafu, na linaendelea kuvumilia kimyakimya hadi linapozima lenyewe saa nane za usiku, nje kukiwa na nyuzi 20 chini ya sifuri.

Anayejua kuutazama moto hahitaji kungoja saa nane. Moto mzima ni mfupi, mweupe unaoelekea njano, unaruka kwa nguvu. Ukiona umerefuka, umekuwa wa rangi ya chungwa, ncha zake nyeusi, unajivuta kivivu, na kioo kinapakaa masizi ndani ya saa chache, jua hewa haitoshi. Peleti nazo huanza kurundikana kwenye kikombe, na hapo ndipo wengi hukosea, kwa sababu wanadhani jiko linakula kupita kiasi, wanapunguza chakula. Chakula hakina kosa.

Namkumbuka bibi mmoja aliyekaa nje kidogo ya mji, njia ya kwenda Turner. Jiko lake liling'aa. Alikuwa akifuta kioo kila asubuhi, akipiga dasta mabati ya nje, na juu yake ameweka kitambaa cha kufuma ambacho mzee alikiondoa bila kusema neno. Alilalamika kuwa kioo kinakuwa cheusi kabla ya chakula cha mchana. Tulipofungua mabati ya nyuma ya moto, sehemu ambayo mwenye nyumba haioni, majivu yalikuwa yamejaa hadi yamebakiza upenyo wa vidole viwili. Nilijaza ndoo. Bibi alisimama nyuma yangu akirudia kwamba kisanduku cha majivu hukimwaga kila Jumamosi bila kukosa, na alikuwa anasema kweli.

Ndivyo majivu ya peleti yanavyodanganya. Peleti za daraja la juu zinatakiwa ziache majivu yasiyozidi asilimia 1 ya uzito wake, maana yake tani nzima inaacha chini ya kilo 10. Ukilinganisha na kuni, hayo si kitu. Lakini ni mepesi mno, na feni inayavuta. Yanayoangukia kwenye kisanduku ni sehemu tu. Mengine husafiri na moshi na kutua kila mahali hewa inapopinda au kupunguza mwendo: nyuma ya mabati, kuzunguka mabomba ya joto, kwenye mapanga ya feni ya moshi, na katika ile kona ya bomba yenye umbo la T nyuma ya jiko. Mtu anamwaga kisanduku, anaridhika.

Halafu kuna ukoko. Ikiwa peleti zimetengenezwa kwa miti yenye magome mengi, au zimechanganyika na mchanga, madini yake huyeyuka katika joto la kikombe na kuganda kama gamba gumu juu ya matundu. Matundu yakizibwa, moto unakosa pumzi. Ukoko unakwanguliwa kwa bisibisi kuukuu, kikombe kikiwa baridi, na kila tundu linazibuliwa. Kazi hii inachukua dakika tano, na katika miezi ya baridi kali inafanywa kila siku au kila baada ya siku chache kulingana na peleti ulizonunua. Peleti za bei ya kutupa zina malipo yake, unayalipa kwa bisibisi.

Usafi mkubwa una utaratibu, na mwanzo wake ndio wenye hatari. Jiko linazimwa kwa swichi yake, kisha linaachwa. Parafujo inasimama, peleti zilizobaki zinaungua hadi mwisho, feni ya moshi inaendelea kuzunguka mpaka jiko lenyewe liamue kuwa limepoa. Baada ya hapo ndipo unachomoa plagi, na hata hapo unangoja saa kadhaa. Tuliwahi kuitwa na kijana aliyekuwa na haraka ya kusafisha kabla wakwe hawajafika. Alichomoa plagi moto ukiwa katikati, akitumaini utakufa upesi. Feni ya moshi ikasimama. Peleti hazikujua kuwa umeme umekatwa, zikaendelea kufuka, na moshi usio na pa kwenda ukaingia sebuleni. Wakwe walipokelewa na gari la zimamoto.

Mzee alikuwa na desturi ya kupeleka mgongo wa kiganja karibu na kila chuma kabla hajaruhusu nikiguse. Kisha tulivaa barakoa na glavu, kwa sababu majivu ya miti ni laini mno yanaingia kifuani, na yakikutana na jasho huwa na ukali unaochubua ngozi. Tukaanza juu kwenda chini. Mabomba ya joto yanakwanguliwa kwa brashi ili yaliyoshikilia yaanguke, mabati ya nyuma yanatolewa na kugongwagongwa, na kila upenyo unapitishiwa brashi ndogo. Ndani ya tangi la peleti unakuta unga uliobaki chini. Huo lazima uondolewe, maana ukizidi unazuia peleti kuteremka, na unyevu ukiingia unaganda kwenye parafujo hadi inabidi kuuchimba kwa patasi. Gasketi ya mlango tuliipima kwa noti: unafunga mlango ukiwa umeibana noti, unaivuta. Ikitoka kwa ulaini, gasketi imekufa na inaingiza hewa mahali pasipotakiwa. Kifuniko cha tangi nacho kina gasketi yake, na hiyo ni ya kuangaliwa zaidi, kwa sababu hewa ikipenya pale inaweza kuuvuta moto urudi nyuma kwenye peleti ambazo hazijafika zamu yake.

Kioo kilikuwa sehemu yangu ya kujivunia. Wateja walikuwa na chupa za dawa za kila rangi. Nilichukua gazeti, nikalilowesha kidogo, nikalichovya kwenye majivu yaliyopoa, nikasugua, nikafuta kwa gazeti kavu. Kioo kikatakata. Waliniangalia kama mganga, wakati nilichofanya ni kile ambacho msichana yeyote wa kwetu Mufindi alikifanya kwa masufuria ya bibi yake, ingawa mimi ni mwanamume na nyumbani kazi hiyo niliikwepa kwa kila hila.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nitake kuandika haya, ambalo ni kaa la moto.

Bibi yangu hakununua kiberiti mara nyingi. Usiku, baada ya kupika, alichagua makaa mawili matatu mazuri, akayakusanya katikati ya mafiga, akayafukia kwa majivu. Alfajiri alifukua, akaweka majani makavu ya mpaina, akapuliza, moto ukarudi. Sote tuliolelewa kwenye jiko la mafiga tunaujua ufundi huo. Majivu hayaui kaa, yanalihifadhi. Yanalinyima hewa ya kutosha kuungua haraka, na wakati huo huo yanalizuia lisipoteze joto lake. Saa kumi baadaye bado liko hai. Sasa mtu aliyelelewa kwa kupasha nyumba joto kwa kubonyeza kitufe atajuaje? Anaona kisanduku cha majivu ya kijivu, anapeleka kiganja juu, anahisi baridi, anaamua yamepoa.

Kutokana na hukumu hiyo nilishuhudia mambo mawili. La kwanza ni mashine ya kunyonya vumbi, ile ya kawaida ya kusafishia zulia. Kaa dogo kuliko punje ya mtama lilinyonywa likaingia kwenye mfuko wa karatasi uliojaa manyoya ya paka na nyuzi za zulia, na mota ya mashine inalipulizia upepo bila kukoma. Ni vigumu kubuni kiwashio bora zaidi ya hicho. Mwenye nyumba aliinusa kabla hajaiona, akaitupa nje kwenye theluji, ikaungulia huko. Tena hata kaa lisipokuwepo, mashine ya kawaida haifai: majivu ni laini kiasi cha kupita kwenye kichujio chake na kurudi chumbani kwa upande wa pili. Ipo mashine maalumu ya majivu, yenye pipa la chuma na vichujio vizito, na hata hiyo inatengenezewa majivu yaliyopoa. Mzee aliifungua nje kila mara baada ya kazi, akatazama ndani, kabla ya kuipakia garini.

La pili ni baraza. Nyumba za huku nyingi ni za mbao kuanzia paa hadi baraza, na mtu alikuwa amemwaga majivu kwenye mfuko wa karatasi wa dukani, akauegemeza kwenye nguzo ya baraza ili autupe siku ya takataka. Tulipofika kukagua jiko, kampuni ya bima ikiwa imeagiza, baraza lilikuwa na tundu jeusi lenye upana wa beseni, na ukuta umeungua hadi chini ya dirisha la chumba cha watoto. Jiko halikuwa na kasoro yoyote. Liliwaka vizuri kabisa.

Majivu yanawekwa kwenye ndoo ya chuma yenye kifuniko cha chuma kinachobana, ndoo inakaa nje juu ya zege au udongo, mbali na nyumba, na yanaachwa humo siku kadhaa. Zimamoto wa huku husema siku nne, na mimi kwa malezi yangu sioni kama wanatia chumvi. Baadaye ukipenda unayanyunyiza bustanini. Udongo wa Maine una tindikali, unayafurahia, ila usipeleke kwenye viazi wala kwenye zile beri za bluu ambazo jimbo hili linajisifia, maana hizo zinaipenda tindikali yenyewe.

Bomba la moshi lina simulizi zake. Wapo waliounganisha bomba jembamba la alumini la mashine ya kukaushia nguo kwa sababu kipenyo kilifanana na bei ilikuwa nafuu. Hilo halikutengenezewa moshi wa moto na halitakiwi kabisa. Wapo ambao mwanya wa bomba nje ulizibwa na viota vya nyigu wakati wa kiangazi, au panya wakaweka pamba kwenye mrija wa kuingizia hewa. Ndiyo sababu ukaguzi mkubwa wa mwaka unafaa kufanywa kabla ya kuwasha mara ya kwanza, Septemba au mapema Oktoba, na ufanywe na fundi anayejua kuivua feni ya moshi na kupitisha brashi bomba zima. Wenyeji wengine huunganisha mashine ya kupulizia majani ya bustanini kwenye mdomo wa bomba kwa nje, wakaigeuza ivute, na wingu la kijivu linatoka la kutosha kuwakasirisha majirani wa mtaa mzima. Mzee hakuwakataza ilimradi jiko liwe limepoa tangu jana, lakini alikuwa akiniambia pembeni kwamba upepo hauoni ufa wa gasketi, jicho ndilo linaloona.

Na theluji. Bomba la peleti mara nyingi hutokea ukutani, kimo cha mtu aliyechutama. Dhoruba moja inatosha kulifukia. Watu huamka wakachimba njia ya gari, njia ya mlango, hata njia ya mbwa, na bomba wakalisahau.

Tarehe 18 Desemba 2023 upepo mkali na mvua viliikumba Maine, miti ikaangukia nyaya, na wateja zaidi ya laki nne wakabaki gizani, wengine kwa siku kadhaa. Ndipo wengi walipogundua kwamba jiko la peleti, pamoja na kuchoma mti kama babu zetu walivyochoma, bila umeme ni kabati la chuma. Parafujo haizunguki, feni hazivuti. Majiko mengine yana betri ya akiba inayoweza angalau kumalizia kutoa moshi, mengi hayana. Kama bomba limepanda juu vya kutosha, moshi wa peleti za mwisho utajipandia wenyewe. Kama bomba limetoka ukutani moja kwa moja, sehemu yake itarudi ndani.

Katika siku hizo za giza nilizunguka kwenye nyumba za Wakongo na Warundi tunaofahamiana, si kwa ajili ya majiko ya peleti, kwani wengi wao wamepanga ghorofani na hawana. Niliogopa mkaa. Kuna mama mmoja kutoka Uvira ninayemheshimu sana, nikamkuta ameshatoa jiko la kuchomea nyama kwenye boksi, analipangusa vumbi sebuleni.

“Mama, hilo lisiwashwe ndani,” nikamwambia.

“Baba, siye tulilala na mbabula ya mkaa ndani miaka yote. Mbona hatukukufa?”

“Kule nyumba yako ilikuwa na madirisha ya namna gani?”

Akacheka. “Dirisha gani? Upepo ulikuwa unaingia chini ya mabati usiku kucha.”

Nikamwonyesha dirisha la sebule yake, ambalo mwenye nyumba alikuwa amelifunika kwa plastiki na gundi tangu Novemba ili joto lisitoke. Akalitazama, akatazama mlango wenye mpira kila upande. Jiko likarudi kwenye boksi, na mablanketi yakatolewa.

Wala kule kwetu hawakuwa salama wote. Nyanda za Juu Kusini, Juni na Julai, baridi ikiuma, watu huingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga mlango, na tangu utotoni nimesikia habari za nyumba ambayo asubuhi haikufunguliwa. Kinachoua ni kaboni monoksaidi. Haina harufu, haina rangi, haiwashi macho. Inashikamana na hemoglobini ya damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 ya oksijeni, kwa hiyo hata kiasi kidogo kikipatikana chumbani kwa muda mrefu kinachukua nafasi ya oksijeni. Dalili zake ni za kudanganya: kichwa kinauma, kichefuchefu, kizunguzungu, usingizi. Mtu anadhani ni mafua, ingawa hana homa. Na ajabu yake ni kwamba akitoka nje anapata nafuu, akirudi ndani yanamrudia, na pengine wote nyumbani wanaumwa siku moja hadi paka. Ukiona hivyo usitafute panadoli. Toa watu nje kwanza, halafu piga simu ya zimamoto.

Jiko la peleti lililo safi linatoa gesi hii kidogo, na inatoka yote nje. Lililoziba linatengeneza nyingi zaidi, kwa sababu moto unaokosa hewa hauunguzi kikamilifu, na wakati huo huo njia yake ya kutoka imebanwa. Uchafu ule ule unafanya madhara yote mawili. Mzee alinieleza hili akiwa amechuchumaa mbele ya feni ya moshi iliyovaa koti la majivu, akizungusha mapanga kwa kidole, na sijawahi kusafisha feni kwa uzembe tangu siku hiyo.

Hata peleti zenyewe, zikiwa hazijawashwa, hutoa kaboni monoksaidi polepole zinapokaa. Mifuko michache kwenye chumba chenye hewa haina tatizo. Lakini mwaka 2006 katika bandari ya Helsingborg, Sweden, mtu alikufa wakati meli iliyobeba peleti ikipakuliwa, kwa kushuka mahali palipopakana na shehena ambapo oksijeni ilikuwa imekwisha na gesi hiyo imejaa. Wenye maghala makubwa ya peleti chini ya nyumba, mtindo uliozoeleka zaidi Ulaya, wanapaswa kuyaingizia hewa kabla ya mtu kukanyaga ndani.

Sheria ya Maine inataka nyumba za kupanga ziwe na kengele ya kaboni monoksaidi. Kengele ya moshi haifanyi kazi hiyo, na nimekutana na watu wazima wenye elimu wasiojua kuwa ni vitu viwili. Iwepo moja kila ghorofa, na moja karibu na vyumba vya kulala, ili imwamshe aliyelala. Kitu ambacho wengi hawakijui ni kwamba kengele hizi huzeeka. Sensa yake ina umri, miaka 5, 7 au 10 kulingana na aliyeitengeneza, na baada ya hapo taa inaweza kuendelea kumeta kijani wakati ndani hakuna kinachonusa. Tuliwahi kukuta moja iliyoning'inia ukutani tangu mtoto wa nyumba hiyo akiwa anatambaa. Mtoto mwenyewe ndiye aliyetufungulia mlango, ana ndevu.

Kwa hiyo ndugu msomaji, kama unaishi nchi za baridi na una jiko la peleti, la gesi, la mafuta, au gereji iliyoungana na nyumba, panda kiti leo, ishushe kengele ukutani, igeuze. Nyuma pameandikwa tarehe. Ikiwa imepita, mpya inauzwa kwa bei ya mifuko michache ya peleti, na inunuliwe kabla ya peleti.